Sauti ya Baba na Viti vya Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha harusi nyumbani kwa dada. Nilifika mapema, shati limepigwa pasi, tayari kukubali jukumu la muziki kwa unyenyekevu. Unyenyekevu haukuhitajika. Muziki amepewa Shemeji, mume wa dada, kwa sababu bibi harusi ni binti yake na spika ni zake. Spika zenyewe zina kimo cha kabati. Mimi nimepewa viti.

Viti! Mimi, mtoto wa mwimbaji! Mimi niliyewawekea watu nyimbo kwenye flashi tangu flashi zilipoingia mjini, na kabla ya hapo kwenye kaseti! Siku ya mshahara watu walikuwa wanapanga foleni kwenye kibanda changu mpaka kwa muuza magazeti. Siku hizi kila mtu ana nyimbo za dunia nzima kwenye simu, na mimi nauza chaja. Lakini damu ya muziki haikauki.

Dada akasema viti ni jambo zito, kaka, bila viti hakuna harusi. Shemeji akaongeza kwamba kazi ya viti inamfaa mtu asiye na haraka. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na Mama anaishi kwangu, anakula kwangu.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Mshonaji, jirani yangu wa kibanda, ambaye ndiye anayeshona gauni la bibi harusi. Redio yake ilikuwa inapiga wimbo wa marehemu mmoja wa zamani juu ya biti ya vijana. Sauti ya juzi, ala za leo. Mshonaji akaniambia, pini mdomoni, kwamba siku hizi kompyuta inatenganisha sauti na ala kama ungo unavyotenganisha mchele na makapi, kisha mtu anachanganya anavyotaka. Nikasimama pale nimeduwaa mpaka akaniuliza kama nasubiri kupimwa.

Mpango! Bibi harusi ataingia ukumbini kwa sauti ya babu yake, juu ya biti inayotamba sasa. Watu watalia. Shemeji atabaki na spika zake kama mtu mwenye sufuria asiye na unga.

Kuhusu viti, nitapiga simu kesho.

Jumanne, 5 Machi

Sauti ya Baba iko mahali pamoja tu duniani: kwenye kaseti, ndani ya bati la biskuti, chini ya kitanda cha Mama. Ilirekodiwa katika bwalo la kiwanda cha nguo, enzi hizo kiwanda kina king'ora, timu ya mpira na bendi. Siku za kazi Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma. Jumamosi alivaa koti jeupe akaimba. Nakumbuka koti lile likining'inia nyuma ya mlango wiki nzima. Hatukuruhusiwa kuligusa.

Ukoo wetu wote unaujua wimbo wake. Mwanamume anamngoja msichana wa zamu ya asubuhi. "Nimekungoja dirishani," Baba anaimba, kisha anacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Nasi tunaimba hivyo hivyo, kicheko kikiwa mahali pake. Hata wajukuu ambao hawajawahi kuiona kaseti yenyewe wakifika "dirishani" wanacheka. Ni sehemu ya wimbo, kama kiitikio.

Mama hajaisikia tangu redio yetu ya kaseti ilipokufa, na hiyo ni zamani. Nilimwambia naipeleka kuisafisha. Akauliza kaseti inasafishwa kwa sabuni gani. Nikasema kwa kompyuta. Akalitoa bati, akaipangusa kaseti kwa upindo wa gauni, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Hii si kaseti," akasema. "Ni mume wangu. Umrudishe."

Deki ya kaseti inayofanya kazi anayo mtu mmoja tu mtaani. Shemeji! Nikameza mate nikaenda. Nilimwambia nataka kusikiliza mahubiri ya zamani. Akajibu hajawahi kuniona nikisikiliza hata mahubiri mapya. Lakini akanipa. Nikiwa mlangoni akauliza viti vimefikia wapi. Nikasema viko njiani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga kibanda na kuandika mlangoni: "Niko kazini." Wateja hawakulalamika. Hawakuja.

Kaseti kwenye deki, waya kwenye kompyuta, programu ikaanza kusaga. Nikasubiri kama mume nje ya wodi ya wazazi. Wakatoka pacha. Wa kwanza ala: gita, tumba na tarumbeta bila mwimbaji, kama karamu ambayo mwenye nyumba ametoka kidogo. Wa pili sauti.

Sauti! Baba peke yake, bila tumba za kumsukuma wala tarumbeta ya kumficha. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kila mstari. Nilimsikia akimeza mate. Siku ile alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Nikasimamisha, nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Kasoro moja. Kabla tu ya kile kicheko kuna sauti nyingine, nyembamba, inayodandia. Mtu ndani ya bwalo anapiga kelele: "Langoni!" Kwenye wimbo kamili haisikiki, tumba zinaifunika. Programu imedhani naye ni mwimbaji. Nadhani mlinzi alikuwa anaitwa akafungue lango. Takataka. Nitaikata.

Kwa kujivuna tu, nikaiweka ile sauti tupu kwenye flashi nikampelekea Mshonaji aisikie kwenye redio yake. Akasema akimaliza lesi ya mabega. Akaitupa kwenye kopo la vifungo. Watu wa sindano hawana masikio.

Flashi zangu zote ni nyekundu. Nilinunua boksi zima, zinapendeza zikipangwa.

Kisha nikapiga kaseti mara ya pili, kwa hamu tu. Deki ya Shemeji ikaila! Utepe ukamwagika kama utumbo wa kuku. Penseli haikusaidia. Gundi ndiyo ikaharibu kabisa. Nimevirudisha vipande ndani ya lile bati la biskuti, Mama akiwa nje. Hasara si kubwa, kila kitu kimo kwenye kompyuta. Naandika haya kwa utulivu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ndiyo siku ya kuchanganya. Baba anaimba polepole, kama mtu anayepanda ngazi na kikombe cha chai kilichojaa. Biti inakwenda kama mtu aliyeachwa na basi. Nikamwongeza Baba kasi. Akawa mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikaishusha sauti. Akawa jini. Saa sita mchana nikampata katikati: ana haraka, lakini ni mtu mzima.

Kicheko kikagoma. Kila nikikisogeza kinaangukia kati ya pigo na pigo, kama mguu unaokosa ngazi. Nikakikata, pamoja na yule wa langoni. Nikahifadhi kazi mpya juu ya ile sauti ya mwanzo, na rekodi ya kaseti nikaifuta. Sipendi kompyuta yenye takataka.

Imetoka safi! Nimecheza mwenyewe kibandani. Muuza magazeti alichungulia dirishani akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Kuhusu viti, nitapiga simu kesho.

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia Mama mchanganyo wangu. Alikuwa anakunja nguo za wiki. Nikaweka kitambaa karibu naye kwa ajili ya machozi.

Alisikiliza mkono mmoja ukiwa juu ya foronya. Ulipopita ule mstari wa dirishani akainua kidole. Akauliza kicheko kiko wapi. Nikaeleza kwamba hakikukaa kwenye mdundo. Akauliza, "Na mimi niko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza huku akiendelea kukunja, bila kunitazama. Msichana wa zamu ya asubuhi ni yeye. Jumamosi ile alisimama mbele ya jukwaa, chini kabisa ya maikrofoni, na Baba akakosea maneno ya wimbo wake mwenyewe. Hakumngojea dirishani. Mwanamume gani anamngoja mtu dirishani kwenye kiwanda cha orofa tatu? Alimngojea langoni, mvua inanyesha, gazeti kichwani. Basi Mama akamsahihisha palepale: "Langoni!" Baba akacheka. Bendi haikusimama, na tumba zikamfunika Mama hadi leo. Lakini yeye anajua pa kutega sikio. Kwa miaka yote ile, redio ilipokuwa hai, alikuwa anajisikia kwa mbali.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, ukoo mzima tunacheka pale bila kujua tunacheka nini. Akajibu kwamba hatukumuuliza. "Na mlikuwa mnacheka vizuri," akasema.

Sasa anataka isikike harusini, nzima, yeye na Baba, bila kukatwa. Sura ya mumewe anayo ukutani, akasema, picha ziko tele. Sauti ndiyo ilikuwa kwenye kaseti tu. Kisha akauliza kaseti iko wapi.

Nikasema inakauka.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepekua kompyuta kila kona. Sauti ya kwanza imekwenda. Nimepekua hata mahali ambapo mafaili hayakai. Nimekuta picha za meza niliyotaka kuuza na barua ya kuomba kazi ya udereva. Baba hayupo.

Nilijaribu kuurudisha mchanganyo nyuma: nikauingiza kwenye programu utenganishwe upya. Ikanipa Baba mwenye haraka, bila kicheko, bila Mama. Kilichokatwa kimekatwa.

Nimekaa nikajiuliza kama kuna mahali pengine popote nilipoiweka ile sauti ya kwanza. Hakuna. Kumbukumbu yangu ni nzuri sana. Ingekuwepo, ningejua. Mshonaji alikuja kuazima chaja, akaniona nimejishika kichwa, akauliza kuna nini. Nikamwambia mambo ya muziki hayaelewi. Akakubali, akaenda zake.

Dada kapiga simu kuuliza viti. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwenye viti.

Jumatano, 13 Machi

Mpango wa pili. Ni rahisi: neno moja na kicheko kimoja. Nitavitengeneza!

Nilimwomba Mshonaji aseme "Langoni!" kwenye simu yangu. Mara ya kwanza alisema kama anayemfukuza mbuzi. Mara ya pili kama anayenipa anwani. Nikamwomba aseme kama msichana aliyependwa, kwenye dansi, Jumamosi. Akaniuliza kama mke wangu angekuwa hai ningethubutu kuja na maombi kama hayo. Lakini akasema, na ikatoka si haba. Kicheko nilicheka mwenyewe. Mimi ni mwanawe, pua ni ile ile. Nikavipachika, nikaweka na mvumo kidogo ili vizeeke.

Jioni nikampigia Mama wimbo. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema huyo ni Mshonaji. Na huyo anayecheka, akasema, ana kikohozi, akanywe maji ya moto.

Nikangoja anigombeze. Hakunigombeza. Alilivuta bati la biskuti, akalifungua, akaona vipande vya utepe, akafunika. Akaniambia nisisahau kuzima taa ya barazani. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepiga simu ya viti! Nimepiga asubuhi na mapema, mtu asije akasema sikupiga. Mwenye viti akanicheka. Akasema viti vya kesho watu huvishika mwezi mzima kabla, na vyote vimekwenda kwenye mahafali. Nikapiga kwa mwingine. Huyo ana viti, lakini havina miguu.

Jioni, Mwalimu wa chekechea ya mtaa wetu, mama mwenye huruma, akanikubalia viti vyake, tena bure, nivirudishe Jumatatu kabla ya watoto kufika. Ni imara. Vina rangi. Kila kimoja kimechorwa mnyama mgongoni. Ni vifupi kidogo. Lakini kiti ni kiti.

Jumapili, 17 Machi

Naandika ya jana. Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Asubuhi Mshonaji alileta gauni, na akanirudishia flashi nyekundu. Akaomba radhi: lesi ilimmaliza, hakupata nafasi ya kuisikiliza. Nikamwambia si kitu. Nikaitia mfukoni, pamoja na flashi ya mchanganyo wangu. Sikuwa na muda wa kuuliza ilikuwa flashi gani. Mtu mwenye viti mia na ushee vya chekechea hana muda.

Wageni walianza kuingia. Mama alikuwa amewaalika wenzake wa kiwandani, waliobaki. Walisimama mbele ya viti wakavitazama kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limeondolewa. Mpiga tumba wa bendi ya Baba, mzee mrefu kama nguzo ya simu, alikiinua kimoja kwa mkono mmoja akaniuliza, mwanangu, na wenye viti watakuja saa ngapi? Mama peke yake aliketi. Ni mdogo wa umbo, kiti cha sungura kikamtosha kabisa. Wengine wote wakabaki wima.

Dada alinijia. Sitaandika alichosema. Alianza na "kaka", lakini hakumaliza na "kaka".

Shemeji, kwa hasira, akaamua kuwaonyesha watu kwamba viti vile havikaliki. Akakaa kwenye cha tembo. Kikamshika! Alipoinuka, tembo naye akainuka. Wanaume wawili wakamshika mikono, wawili wakamshika tembo, suti ikaanza kulia kwenye mishono. Nikaona mlango umefunguka. Meza ya muziki haina mtu, bibi harusi yuko kizingitini, watu wote wanatazama makalio ya Shemeji. Nikachomoa flashi yake, nikachomeka yangu, nikabonyeza.

Kimya. Kisha spika zenye kimo cha kabati zikavuta pumzi. Niliijua pumzi ile. Si ya mchanganyo. Biti haikuingia. Ilikuwa flashi nyingine!

Baba akaanza kuimba peke yake, polepole, ukumbi mzima, bila hata tumba moja. Bibi harusi hakujua aanze na mguu gani. Mtu akanong'ona kwamba mitambo imeharibika. Mimi nikanyoosha mkono kuzima, niweke flashi ya kweli. Na Mama, kutoka kwenye kiti cha sungura, bila kupaza sauti, akasema: "Mwache."

Nikamwacha.

Yule mpiga tumba akakigeuza kiti chake juu chini, akakibana kati ya magoti, akaanza kukigonga kwa vidole. Aliingia palepale anapoingia kwenye kaseti. Wenzake, kwa kuwa walikuwa wamesimama na mikono haina kazi, wakapiga makofi. Bibi harusi akatembea. Alitembea kama wimbo ulivyotaka, kwa raha zake, gauni linaburuta, na lesi ya mabega kweli ilikuwa nzuri.

"Nimekungoja dirishani," Baba akaimba.

"Langoni!" ikasema spika, kisichana kimoja chembamba.

"Langoni!" akasema Mama, wakati ule ule, bila kuchelewa hata kidogo.

Baba akacheka. Ukoo wote ukacheka mahali pake, kama siku zote. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu watu walianza kumgeukia Mama mmoja mmoja. Mama akatikisa kichwa kuwaonyesha waendelee mbele, bibi harusi anapita.

Niliona kitambaa cha mpiga tumba kikitoka mfukoni. Changu sikukiona, nilikuwa nimekisahau nyumbani.

Baadaye Shemeji, amekwisha kutenganishwa na tembo, akaniuliza mbele za watu nani aliyegusa mitambo yake. Nikamwambia nilipanga kila kitu. Sauti bila ala, ili wageni wapige wenyewe. Viti vifupi, ili wageni wasimame. Akasema, shemeji, wewe una bahati kuliko akili. Nadhani ni wivu.

Mama aliniomba flashi. Akaifunga kwenye pembe ya leso, akapiga fundo. "Umemrudisha," akasema. "Tena bila biti. Ahsante, baba."

Jumatano, 20 Machi

Viti vya chekechea nilivirudisha jana, badala ya juzi. Mwalimu anasema watoto walikaa sakafuni siku nzima wakafurahi sana. Unaona!

Nimetafakari. Nimejifunza mengi. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba mchanganyo wangu haujasikika bado, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ulishindwa.

Dada ametangaza sherehe ya kuzaliwa kwa Mama mwezi ujao, uani kwake. Muziki kapewa Shemeji. Mimi nimepewa turubai, maana ni msimu wa mvua. Vizuri tu! Nimekwisha kupata mpango, na huu hauwezi kukosea. Ile "Langoni!" ya Mama, peke yake, ikijirudia juu ya biti. Langoni, langoni, langoni! Kwa kasi. Mama mwenyewe atacheza.

Nimemwomba flashi, nimesema naipeleka kuisafisha. Nilitegemea vita. Lakini alinikabidhi papo hapo, tena anatabasamu. Uzee huo, hana shaka na mtu tena. Nasikia wiki hii Shemeji alikuja nikiwa kazini akamtolea nakala, moja kwa kila mjukuu, na moja akampa Mshonaji aiweke kwenye kopo la vifungo. Sijui za nini.

Kicheko nitakikata. Bado hakikai kwenye mdundo.

Kuhusu turubai, nitapiga simu kesho.